Kauli na Mwenye Kauli: Suala la Dhamana katika Mawaidha ya Kiislamu, kutoka Barazani hadi Simu ya Mkononi

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili mawaidha ni utanzu uliotajwa mara nyingi na kuhakikiwa mara chache. Vitabu vya kiada huyaorodhesha pamoja na hotuba na malumbano ya utani, vikayapa aya moja au mbili, kisha vikapita. Yamkini sababu ni kwamba istilahi za taaluma haziyakai sawasawa. Sheikh anayewaidhi hakubali kuitwa fanani, kwa kuwa hakuja kuonyesha ufundi. Na waliokaa mbele yake hawajihesabu kuwa hadhira, kwa kuwa wamekuja kwa ajili ya akhera yao. Hata hivyo, utanzu huu ndio pekee katika fasihi simulizi ya Waswahili ambao bado hutendwa kila juma mbele ya halaiki katika kila mtaa wa Pwani, na ndio ambao umeingia katika vyombo vipya vya mawasiliano kwa kasi kubwa kuliko ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Mhakiki anayeulilia utanzu unaokufa huku akiupita ulio hai mlangoni pake ana jambo la kujieleza.

Makala haya yanadhamiria kulitazama suala moja tu la kimaadili linalotokana na hali hiyo. Ni nani mwenye dhamana ya kauli ya mawaidha pindi inapoachana na kikao ilimotolewa? Suala hili lilikuwako tangu zamani, lakini limekuwa zito zaidi kwa kuwa leo maneno ya sheikh wa Mombasa, Lamu au Unguja yanaweza kusikika Muscat na Toronto kabla mwenyewe hajavaa viatu vyake mlangoni mwa msikiti.

Mjadala wa kawaida juu ya jambo hili umegawika pande mbili. Wako wanaohuzunika kwamba heshima ya elimu imevunjwa na kila mwenye simu amekuwa mufti. Wako pia wanaofurahi kwamba ujumbe umewafikia maelfu ambao msikiti usingewachukua. Pande zote mbili zinapima kwa kipimo kimoja, nacho ni wingi wa masikio, ilhali jambo lililobadilika kwa hakika ni fungamano lililokuwako baina ya kinywa na sikio, yaani haki ambazo msemaji na msikilizaji walidaiana walipokuwa wamekaa mahali pamoja.

Fungamano hilo huonekana wazi zaidi katika khutba ya Ijumaa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani, khutba mbili zina nguzo zake tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia takwa, kusoma aya ya Qurani, na kuwaombea waumini dua. Khatibu husimama, aghalabu akiwa ameshika asa, na huketi kidogo baina ya khutba ya kwanza na ya pili. Mhakiki anayetafuta ubunifu wa mtu binafsi atatoka hapo mikono mitupu, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yamepangwa na ada. Lakini tukiitazama ada hiyo kwa jicho la maadili, tunaona kwamba inamfunga msemaji kuliko inavyomfunga msikilizaji. Khatibu hawezi kuanza na nafsi yake wala kumalizia na jina lake. Anapousia takwa huwausia watu na kuiusia nafsi yake pamoja nao. Naye msikilizaji ana sharti lake. Kwa mujibu wa hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu anayemwambia mwenziwe anyamaze wakati imamu anahutubu huwa yeye mwenyewe amefanya upuuzi. Kunyamazisha kelele, jambo ambalo kwingineko lingekuwa wema, hapa ni kosa. Ni nadra kupata utanzu wowote duniani unaoidai hadhira yake usikivu wa namna hiyo.

Khutba hiyo kwa miaka mingi ilisomwa kwa Kiarabu, na misikiti mingi ikawa na mawaidha ya Kiswahili kabla yake au baada ya swala, ili aliyekosa lugha asikose maana. Katika pengo hilo la lugha ndimo fasihi ya mawaidha ya Kiswahili ilimokua. Nguzo za khutba hazikumfunga tena mtoa mawaidha: alikuwa huru kuleta kisa, methali, kichekesho na shairi. Uhuru huo ndio uliozaa mabingwa, na ndio huohuo unaozua tatizo linalojadiliwa hapa.

Darsa ina sura nyingine. Baada ya alasiri katika mwezi wa Ramadhani, au baina ya magharibi na isha siku nyingine, sheikh huketi na kitabu, mara nyingi Tafsir al-Jalalayn au Riyadh as-Salihin, akasoma kipande kwa Kiarabu na kukifasiri kwa Kiswahili cha mahali pale. Katika Msikiti wa Riyadha wa Lamu, unaofungamana na jina la Habib Saleh aliyefariki mwaka 1935, na katika misikiti ya Mji wa Kale wa Mombasa, utaratibu huu umelea vizazi. Sheikh wa darsa huwajua waliokaa mbele yake. Anajua ni yupi aliyemwacha mke juzi, na ni yupi mwenye duka ambalo mizani yake ina maneno. Anapofika katika mlango wa talaka au wa biashara, huchagua mifano yake kwa kuyajua hayo, akawaidhi bila kufedhehi. Aidha, anayefahamu vibaya leo atarudi kesho, na kosa la ufahamu likasahihishwa palepale lilipozaliwa.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba zama za baraza zilikuwa zama za uaminifu mtupu. Malalamiko juu ya watoa mawaidha ni ya kale kuliko Kiswahili kilichoandikwa tulicho nacho. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwakemea katika Ihya Ulum ad-Din wahubiri wanaotafuta vilio vya watu na sifa ya ufasaha. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201 na ambaye mwenyewe alikuwa mhubiri mashuhuri wa Baghdad, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi na wakumbushaji, akibainisha mwema wao na mwovu wao. Suyuti naye, aliyefariki mwaka 1505, alitunga kitabu cha kutahadharisha juu ya uongo wa wasimulizi hao. Watu waliokaa uso kwa uso na msemaji walidanganywa vilevile, wakalia, na wakatoa fedha. Kuwapo mahali pamoja hakukuwa kinga. Tena kikao chenyewe kilikuwa na waliokosekana: katika misikiti mingi ya Pwani wanawake hawakuwa na nafasi, na mawaidha kuhusu maisha yao yalitolewa kwa waume na kaka zao, yakawafikia nyumbani yakiwa yamekwisha kupunguzwa au kuongezwa. Kwa maana hiyo mwanamke wa Kiswahili aliishi na kauli iliyokatwa vipande kabla ya kuwapo kwa chombo chochote cha kukatia.

Zaidi ya hayo, mawaidha ya Waswahili yalianza safari nje ya kikao zamani mno, kwa njia ya utenzi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni mawaidha yaliyotungwa mbele ya magofu ya Pate, na msemeshwa wake wa kwanza ni moyo wa mshairi mwenyewe. Msomaji hasemwi moja kwa moja. Husimama kando akamsikia mtu akiiwaidhi nafsi yake, na kwa kusikia hivyo akajikuta amewaidhika. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye, maneno ya chumbani kabisa, nao ulinakiliwa na kuhifadhiwa na watu ambao Mwana Kupona hakupata kuwaona wala kuwajua. Kwa hiyo anayesema kwamba teknolojia ya leo ndiyo iliyoyatoa mawaidha katika muktadha wake ameisahau nusu ya fasihi yetu.

Hapa ndipo uhakiki wa fani unapoweza kulisaidia suala la maadili. Utenzi ulipojua kwamba utasafiri ulijifungia masurufu. Ulikuwa na dibaji: jina la Mungu, himidi na swala, kisha kueleza kinachokuja na sababu ya kutungwa kwake. Mwishoni aghalabu ulikuwa na tamati, ambamo mtunzi alitaja jina lake, nasaba yake, mwaka wa Hijria, pengine hesabu ya beti, na akaomba msomaji amsamehe na amsahihishe alipoteleza. Mwana Kupona alitaja jina lake na mwaka wake, 1275 wa Hijria. Wahakiki wengi wameyachukulia mambo haya kama mapokeo ya kimtindo tu, mapambo yanayorukwa ili kufikia kiini. Makala haya yanaona kwamba hayo ndiyo mahali ambapo dhamana imewekwa. Tamati ni sahihi ya mtu. Inamwambia msomaji wa mbali: maneno haya yana mwenyewe, yalisemwa siku fulani, yanaanzia pale na yanakomea hapa, na ukiona kosa mwenye kulaumiwa ni huyu. Hesabu ya beti nayo, pale inapokuwapo, ni kufuli, kwa kuwa anayepunguza ubeti mmoja anaonekana.

Gazeti nalo lilikuja na dhamana yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufa kwake mwaka 1947, alianzisha Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, kwa Kiarabu na Kiswahili. Makala yake ya Kiswahili ya miaka hiyo yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi (1944). Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu mwenye darsa yake mwenyewe aliamua kwamba darsa haitoshi, kwa kuwa waliohitaji kuonywa hawakuwa wale wanaofika msikitini. Lakini gazeti lilikuwa na jina la mhariri, tarehe, na anwani ambayo aliyekasirika angeweza kuiandikia. Sauti iliondoka, anwani ikabaki.

Kipaza sauti na redio tunaweza kuvipita upesi. Kanda ya kaseti inahitaji kutuliwa kidogo, kwa sababu ilikuwa chombo cha kwanza kilichompa msikilizaji madaraka. Charles Hirschkind, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu kanda za khutba mjini Cairo, alionyesha kwamba wasikilizaji hawakuzitumia kama burudani ya kupitisha wakati tu. Walizitumia kuyazoeza masikio na nyoyo zao, wakirudia khutba ileile mara nyingi kama mtu anayerudia uradi. Pwani yetu ina mfano wake. Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, ni imamu na mshairi kwa pamoja. Utenzi wake wa Wasiya wa Mabanati, uliotungwa katika miaka ya 1970 kuwaonya wasichana, ulisambaa katika kanda, na watu wengi waliujua kwa kuusikia kabla ya kuuona umeandikwa. Tungo zake zilikuja kukusanywa kitabuni na Annachiara Raia na Clarissa Vierke mwaka 2023. Kanda ilimwezesha msichana kuusikiliza wasia chumbani mwake bila ya mtu kumtazama usoni kuona kama umemgusa. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kanda ilikuwa kitu kizima, chenye upande wa kwanza na wa pili, na mwenye kuinakili alilazimika kuketi na kuisikia yote inakwenda. Ugumu wa kukata ulikuwa ni aina ya adabu iliyofichwa ndani ya mashine.

Simu ya mkononi imeuondoa ugumu huo. Darsa ya saa nzima inaweza kuwa kipande cha nusu dakika, na kipande hicho kikapelekwa kwa WhatsApp katika makundi ishirini na mtu ambaye hakuisikiliza saa nzima. Ni kauli ya aina gani basi hii? Wanazuoni wa hadithi walikuwa na msamiati wa kulijibu swali hili karne nyingi kabla yetu. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 1245, aliorodhesha njia nane za kupokea maneno kutoka kwa mwenyewe. Ya kwanza na ya juu kabisa ni samaa, yaani kusikia kutoka kinywani mwa sheikh. Ya pili ni kumsomea yeye akisikiliza. Ya tatu ni ijaza, yaani ruhusa yake. Ya nane na ya chini ni wijada, ambapo mtu amekuta tu maandishi ya fulani bila ya kuyasikia kwake wala kuruhusiwa kuyapokea. Kipande cha simuni kinaichanganya orodha hiyo kwa namna ya ajabu. Kwa sikio ni samaa: sauti ni ya sheikh, lafudhi ni yake, hata kikohozi ni chake. Kwa hukumu ni wijada: kimekutwa. Anayekisikia hupata yakini ya aliyeko juu ilhali amesimama ngazi ya chini kabisa. Madhara mengi ya zama hizi yanatokana na mkanganyo huo wa ngazi, wala si lazima pawepo na nia mbaya ya mtu.

Wanazuoni hao walijadili pia hali zinazokaribiana na zetu. Katika majilisi makubwa ya kusomesha hadithi palikuwa na mustamli, mtu mwenye sauti ya juu aliyesimama kuyakariri maneno ya sheikh ili walio mbali wayapate. Yeye alikuwa kipaza sauti chenye roho. Wanazuoni walihitilafiana: je, aliyemsikia mustamli peke yake aseme amemsikia sheikh? Wengine walimruhusu, na wengine walimtaka abainishe kwamba maneno yalimfikia kupitia kwa mwingine. Walijadili vilevile kusikia kutoka nyuma ya pazia, na wengi walikubali maadamu sauti inajulikana, kwa kuwa Bibi Aisha alisikilizwa hivyo. Shuba bin al-Hajjaj, imamu mkubwa wa hadithi, alikataa. Alionya kwamba usiyemwona uso wake usipokee kwake, kwani huenda ni shetani aliyejitwalia sura yake. Kwa karne nyingi rai ya Shuba ilionekana kuwa ni uangalifu uliopita kiasi. Sasa zimekuja programu za akili bandia zinazoweza kuiga sauti ya mtu na uso wake na kumtamkisha asichosema, na msomaji wa Ibn as-Salah hana budi kumwomba Shuba radhi.

Tatizo zito zaidi, hata hivyo, haliko katika sauti ya kughushi. Liko katika sauti ya kweli. Tuchukue mfano wa mwalimu wa fikihi anayesomesha hukumu ya talaka tatu zilizotolewa kwa mara moja. Ada ya usomeshaji inamtaka aieleze kwanza rai asiyoikubali, tena aieleze kwa nguvu zake zote na hoja zake zote, kama kwamba ni yake, kisha ndipo aijibu. Hiyo ni insafu, kumpa mpinzani haki yake. Mtu akakata ile sehemu ya kwanza akaipeleka. Kila neno lililomo limesemwa na mwalimu, na ujumbe wote ni uongo. Siku ya pili mume mmoja mahali fulani amemrudia mkewe kwa kipande hicho, au amemwacha.

Nani alaumiwe? Rai moja, inayosikika sana, ni kwamba mwalimu ajihadhari: anajua anarekodiwa, basi aseme tu yale ambayo yakikatwa popote yatabaki salama. Ushauri huu una sura ya busara na matokeo ya msiba. Mwalimu anayeufuata ataacha kueleza rai ya mpinzani. Atasema hukumu bila ya hoja, kwa kuwa hoja ni ndefu na hukumu ni fupi. Ataacha mzaha, ataacha kusema “huenda”, ataacha kisa ambacho fundisho lake liko mwishoni. Kwa maneno mengine, atakuwa tayari amejikata mwenyewe kabla ya kukatwa. Ukipita leo katika rekodi nyingi unaweza kuisikia sauti hii mpya, sauti inayosema kwa sentensi zilizo tayari kubebwa, kila moja imesimama peke yake. Mhakiki ataiita mabadiliko ya mtindo, lakini ni mabadiliko ya maadili, kwa maana insafu ndiyo iliyotolewa kafara.

Dhamana ya kwanza basi ni ya mkataji, naye kosa lake linajulikana katika sheria na katika desturi: ni kumsingizia mtu, hata kama kila herufi ni ya mwenyewe. La mtumaji ni gumu zaidi. Yeye hakukata, na mara nyingi hajui kwamba pamekatwa. Lakini Sura ya Hujurat, katika aya yake ya sita, inawataka waumini wathibitishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na amri hiyo haikumwelekea mzushi wa habari. Imemwelekea anayeipokea. Mtumaji amejiweka katika nafasi ya mustamli bila ya kuwapo kwenye majilisi. Kutojua kwake kungekuwa udhuru endapo angekaa kimya. Alipochagua kuwa kinywa cha mtu alijitwisha jukumu la kujua mtu huyo alisema nini.

Kuna upande mwingine ambao haujadiliwi vya kutosha, nao ni haki ya mtu kurejea katika kauli yake. Madhehebu ya Shafii yenyewe yamejengwa juu ya haki hiyo. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, alikuwa na rai alizozifundisha Iraki, nazo huitwa kauli kadimu, na baada ya kuhamia Misri alizipitia upya nyingi kati yake, zikawa kauli jadidi. Mwanafunzi wa fikihi Pwani hufundishwa kwamba jadidi ndiyo ya kufuatwa ila katika mambo machache yaliyobainishwa. Mfumo mzima wa sheria unakubali kwamba mtu mwenye elimu hubadilika, na unamtengenezea njia ya kubadilika kwa heshima. Mtandao haujui kadimu na jadidi. Kauli ya mwaka 2009 na ya mwaka 2024 hukaa ubavu kwa ubavu, na mara nyingi ile ya kwanza ndiyo iliyotazamwa zaidi. Kwa aliyekufa jambo hili ni gumu kuliko lote. Mahubiri ya Aboud Rogo, aliyeuawa kwa risasi Mombasa mwezi wa Agosti mwaka 2012, yaliendelea kusikilizwa katika DVD na intaneti baada ya kifo chake. Mtu anaweza kuyalaani mahubiri hayo, na ziko sababu nzito za kuyalaani, lakini hali ya kimaadili ya sauti hiyo ni jambo la kutafakari: inamhimiza kijana ambaye alikuwa mtoto mdogo ilipotamkwa, na hapana tena mtu wa kuulizwa, wa kushitakiwa, wala wa kutubia kauli hiyo.

Huenda ikadhaniwa kwamba hoja hizi zinaelekea kuhukumu kwamba mawaidha yarudi msikitini yalikotoka. Sivyo, na mwaka 2020 ulilionyesha hilo vizuri. Mwezi wa Machi mwaka huo mikusanyiko ya ibada ilisimamishwa nchini Kenya kwa sababu ya maradhi ya korona, na iliporuhusiwa tena mwezi wa Julai ilikuwa kwa watu wasiozidi 100, kwa muda usiozidi saa moja, na waliozidi umri wa miaka 58 wakatakiwa wabaki nyumbani. Wazee, ambao ndio nguzo za darsa, walifungiwa nje. Darsa zikahamia simuni, na vijana wakawafundisha babu zao namna ya kuzifungua. Lakini wanazuoni wengi ulimwenguni waliposhauriwa juu ya swala ya Ijumaa kwa njia ya video walikataa, wakasema asiyeweza kufika aswali adhuhuri nyumbani. Wengine waliona huo ni ukaidi. Kwa hakika ulikuwa utambuzi wa tanzu. Mawaidha husafiri, Ijumaa haisafiri, kwa kuwa maana ya jina lake ni kukusanyika.

Kuna pia hoja ambayo watetezi wa kikao hawana budi kuikubali, hata kama inawachoma. Katika vipindi vya maswali redioni na mitandaoni, wanawake huuliza mambo ya hedhi, ya kupigwa, ya mume aliyeondoka miaka mitatu bila ya habari, mambo ambayo barazani hayakuulizwa kwa sababu waliokuwa nayo hawakuwako, na wangekuwako wangeona haya. Kule kutoonekana uso, ambako Shuba alikuhofia kwa msemaji, kumekuwa sitara kwa muulizaji. Sheikh hamjui, hawezi kuuchagua mfano wake kwa kumstahi, na huenda akajibu swali la mmoja kwa hali ya mwingine. Pamoja na hayo, swali limeulizwa. Kikao kilichojuana kwa nyuso kilikuwa na adabu nyingi, na sehemu ya adabu hiyo ilikuwa ni kunyamaza kwa walioumia. Haiwezekani kuisifu adabu hiyo bila ya kuihesabu gharama yake, na waliolipa gharama hiyo hawakuwa wale wanaoisifu.

Kwa hiyo suala linarudi katika fani. Utenzi ulipata namna ya kusafiri na mwenyewe, kwa dibaji na tamati. Mawaidha ya simuni bado yanatafuta namna yake. Baadhi ya walimu wameanza kurekodi darsa zao kwa mfululizo, na kila moja huifungua kwa kutaja jina la kitabu, mlango, ukurasa walioachia jana, na tarehe: darsa ya kumi na nne, mlango wa talaka. Ni dibaji iliyokonda, na aghalabu haina tamati, kwa kuwa adhana huikatiza. Lakini msikilizaji aliyekutana na kipande kisicho na nambari anaweza angalau kuuliza kilitoka darsa ya ngapi, na akaitafuta ya kumi na tano, ambamo mwalimu anamjibu mpinzani wake.